Mariam Poni Alivyomzika Mzee Romano

Mariam Poni wa Koboko hakuweza kula kitu kitamu peke yake. Ndivyo marehemu mumewe alivyozoea kumtania, na wala hakuwa akizungumzia chakula. Akisikia wimbo mzuri redioni, lazima amwite jirani. Akikuta gazetini habari ya kobe aliyetembea hadi wilaya ya pili kurudi kwao, lazima aisome kwa sauti, hata kama mteja amesimama akingoja kukatiwa kitenge. Alikuwa binti wa sajini, mtoto wa kambini, na kambini, alisema, nyumba zimebanana mpaka redio ya mmoja ni redio ya wote.

Basi mpwa wake Shamira, anayemsaidia dukani, alipomletea simu janja, hakukawia. Alifungua kundi la wasapu, na kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri akawa anajibanza nyuma ya marobota ya vitenge na kurekodi sauti: wimbo wa kusikiliza juma hilo, podkasti, kitu cha kusoma, na ajabu moja ya kufungia. Walioanza kusikiliza ni ndugu na majirani. Kisha wakaanza kurushiana, sauti ikafika Arua, ikafika kwa watu asiowajua kabisa, nao wakawa wanamlaumu akichelewa.

Mkosoaji wake mkubwa alikuwa Jane, rafiki yake tangu shule, mwanakwaya anayeishi Mvara. "Dada, ile podkasti ya nyuki iko refu sana," alimwambia siku moja. "Nimebandika maharage mpaka imeiva, yule mtu bado anasalimia watu."

Ijumaa moja mwaka jana, fundi redio wa sokoni alimrushia Mariam wimbo uliotolewa kwenye kanda ya zamani. Ni mtu akipiga adungu, kile kinanda cha nyuzi chenye shingo iliyopinda, na mwishoni anataja jina lake: Romano Ocama wa Dadamu. Mariam aliusikiliza, akaurudia, akasahau chai yake. Hakuna aliyemwambia kwamba mpigaji amekufa. Ila kanda ilikuwa na mikwaruzo mingi, na sauti ile ilitoka mbali mno, akaona tu kwamba mwenyewe atakuwa ametangulia zamani.

"Wimbo wa juma hili ni wa marehemu Romano Ocama, Mungu amrehemu," alirekodi. "Msikilize vizuri. Anapiga kama anaongea na mtu mmoja tu."

Jumapili ikaingia sauti kutoka namba ngeni. Kwanza kikohozi, kisha mzee akasema:

"Mama Poni, salaam. Ni mimi Romano. Mimi iko hai. Jana watu walikuja hapa na sukari, na majani ya chai, wanalia toka barabarani. Mtoto ya ndugu yangu alikuja na futi, anataka kunipima ya sanduku. Sasa nauliza, wewe ulisikia wapi kama mimi nimekufa? Mimi mwenyewe sikuambiwa."

Shamira alicheka mpaka akaketi juu ya vitenge. Mariam hakucheka. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Nimemzika mtu mzima mzima! Shamira, baki na duka. Mimi naenda."

Kesho yake asubuhi alipanda taksi hadi Arua, akampitia Jane huko Mvara, wakachukua boda mbili kwenda Dadamu. Walimkuta mzee uani akimenya muhogo, mtu mrefu, mwembamba, mwenye macho ya kucheka. Mariam alipiga magoti.

"Mzee, unisamehe. Nilikosa."

Romano alimtazama sana. "Wewe ndiyo ile sauti? Nilifikiri utakuwa mnene."

Jane aliangua kicheko, na hata Mariam, aliyekuja amejiandaa kulia, akashindwa kujizuia. Wakaletewa viti, na mkwe wa mzee akawaletea muhogo wa kuchemsha na chai iliyojaa sukari ya waombolezaji.

"Mimi sikukasirika," mzee alisema walipokuwa wakila. "Nani anapata bahati ya kusikia vile watu watamlilia? Lakini neno moja linanisumbua. Ulisema napiga kama naongea na mtu mmoja. Nani alikuambia?"

"Hakuna, mzee. Nilisikia tu."

Mzee akaonyesha kizingiti cha jiko kwa kisu. "Alikuwa anakaa pale, mke wangu, anachambua karanga. Alipokufa nikatundika adungu jikoni. Panya ikakula nyuzi yote."

Ni Jane aliyeona, kupitia mlango ulio wazi, kwamba adungu ilikuwa imeshushwa, na ina nyuzi mpya za nailoni.

"Na hii je, mzee?"

"Aa," alisema Romano, kama mtu aliyefumaniwa. "Ile siku ya kilio changu sikupata usingizi."

Alipiga. Vidole viliteleza, akaitukana adungu kwa Kilugbara, akaanza upya. Mariam alishika simu yake, akarekodi yote.

Ijumaa iliyofuata aliwaambia watu wake ukweli. "Mzee Romano yuko hai, na muhogo wake nimeula. Wimbo ni wake tena. Vidole vimechoka, na katikati anapotea njia, mtamsikia akigomba. Msiruke pale. Pale ndipo panaponipendeza mimi."

Tangu hapo mzee yumo kundini, kwa simu ya mkwe wake, na hana huruma. "Wimbo ya leo ni kelele," husema. "Na hiyo ajabu si ajabu, hata kuku ya hapa inafanya." Wapo wanaosikiliza Ijumaa kwa ajili ya majibu yake tu, na Mariam anajua, wala haoni wivu.

Juzi mvua ilipoanza, mzee alituma pendekezo lake la kwanza: vyura wa kijito kilicho nyuma ya shamba lake. Vyura tu, na pumzi yake mwenyewe karibu na simu.

"Shangazi, hii ni ndefu mno," alisema Shamira. "Niikate?"

"Iache," Mariam alijibu, simu ikiwa sikioni. "Husikii? Mzee mwenyewe bado anasikiliza."