Tawi la Miiba Njiani kwa Mama

Wale watu waliuliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Wangekuwa wajeuri, wakanyage na kwenda zao, ningekuwa na wa kulaumu na ningelala vizuri. Lakini walisimama, wakazima mashine, wakauliza kwa adabu, na aliyewajibu ni mimi.

Nina duka la spea hapa Isiolo mjini. Nauza plagi, tyubu, oili, cheni za bodaboda, na maneno nagawa bure, maana kuongea ndiyo kazi yangu ya pili. Hao ninaowasema ni watu wa Nairobi waliokuwa wakipita kwangu kila wakija huku na zile pikipiki kubwa za magurudumu manne, zisizoogopa mchanga wala mawe. Walizileta kwa trela, wakazishusha mjini, kisha wakaenda kupiga vumbi. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, mtu wa kusalimia kwanza ndiyo aulize kitu.

Jumamosi moja, kiangazi kimekaza, aliniuliza kama najua mahali pazuri pa kuendesha, mbali na barabara. Mwenzao mmoja hakuja, akasema, kwa hivyo kuna mashine ya ziada, na nikitaka niwaongoze. Nilifunga duka hapo hapo. Mtu mzima, ndevu zina mvi, nikavaa helmeti vijana wa bodaboda wakinicheka, na mimi nikajiona mtu.

Tulipita nyuma ya mtaa wa Chechelesi, nyumba za mwisho zikaisha, tukateremka kwenye laga, yaani mto wa msimu, lililokauka. Sidanganyi, niliipenda. Mchanga unaruka, tumbo linabaki nyuma, na mimi napiga kelele ndani ya helmeti kama mtoto aliyepewa lifti. Tukatoka upande wa pili, na pale njia inapopanda kwenda kwa mama yangu, yule kiongozi, aliyekuwa amenipita lagani, akafunga breki. Mbele yake palikuwa na tawi la mgunga, limelazwa kukata njia.

Mgeni angeweza kudhani limeanguka tu. Huku kwetu hata mtoto anajua. Tawi la miiba likilazwa namna hiyo, njia imefungwa, na nyuma yake kuna kalo. Kalo ni nyasi zilizowekwa akiba kwa ndama, kwa ng'ombe mgonjwa, na kwa ng'ombe mwenye mimba asiyeweza kufuata wengine mbali. Hakuna ukuta wala waya. Nimeona mchungaji mwenye ng'ombe waliobaki mbavu akifika kwenye tawi kama hilo, akalitazama, akageuza mifugo yake kimya kimya na kuzunguka.

Na ardhi ile ni ya mama. Baba alipofariki, aliifuatilia mwenyewe, ofisi hii na ile, mpaka ikawa kwa jina lake, huku mimi nikimwambia aachane nayo apumzike. Kiangazi hicho ng'ombe wake wengine walikuwa fora, yaani kambi ya mbali ya malisho, pamoja na wa binamu zangu. Nyumbani alibakiwa na mmoja tu, mwekundu, mwenye mimba kubwa. Safari ya fora asingeiweza. Zile nyasi zilikuwa za kumfikisha kwenye mvua, azae salama. Haya yote niliyajua. Mama alikuwa ameniambia wiki hiyo hiyo, tukinywa chai.

"Ndugu, hapa naona pamefungwa," yule kiongozi akasema. "Ni kwa nani?"

"Ni kwetu."

"Tunaweza kupita? Ama tumuulize mtu kwanza?"

Nyumba ya mama ilikuwa inaonekana. Ningeshuka, niende kwa miguu, nimuulize. Lakini nilijua atakataa, na watu wa Nairobi wananitazama, na mimi na helmeti yangu kichwani. Mwanamume mzima niseme ngoja nikamuulize mama? Nikajipiga kifua.

"Mimi ndiye mwenyewe," nikasema. "Piteni."

Nikalivuta lile tawi kando kwa mikono yangu. Lilinichoma kidole, na mimi kwa ujinga wangu nikalitukana.

Tuliendesha humo tukizunguka na kuzunguka. Nyasi za kiangazi ukizikanyaga haziinuki tena. Zinavunjika, zinakuwa unga, na unga unachanganyika na vumbi. Niliona, usifikiri sikuona. Nilikuwa najiambia ni kidogo tu, upande ule mwingine zimebaki, na nikizunguka tena naenda upande ule mwingine.

Mama alitoka. Hakukimbia wala kupaza sauti. Alikuja polepole, shungi kichwani, akasimama mahali ambapo tungemwona. Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Yangu ilikuwa ya mwisho kwa sababu sikujua kuizima, na yule kiongozi ilibidi ashuke aje anifanyie. Aibu yenyewe ilianzia hapo.

"Salaam aleikum," mama akawaambia wageni. Si mimi.

Wakaitikia. Akainama, akachukua nyasi mkononi, akazinusa, kisha akaninyooshea mimi. Zilinuka petroli.

"Tawi nani ametoa?"

Wageni hawakunitaja. Waliangalia chini wote, na nafikiri afadhali wangenitaja.

"Ni mimi, Mama."

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza."

"Kwa nini?"

Jibu nilikuwa nalo, lakini huwezi kumwambia mama yako mbele ya watu kwamba hukumuuliza kwa sababu ulijua atasema hapana. Nilitamani anitukane, anipige hata kofi, lakini alirudi tu nyumbani.

Ng'ombe alikataa zile nyasi. Pua ya ng'ombe huwezi kuidanganya. Alinusa, akapiga chafya, akasimama kichwa chini. Nilizunguka mji mzima nikitafuta nyasi za marobota, na kiangazi kile kila mtu alikuwa anatafuta. Kidogo nilichopata kilikuwa kimeota ukungu, mama akakimwaga. Nikasema nitaleta lori limpeleke fora. Akaniuliza lori litapita wapi, na kweli njia ya kufika kule hakuna. Mwishowe binamu yangu akaja, wakamtoa ng'ombe kwa miguu, pole pole, mama akiwasindikiza mpaka lagani.

Alizaa njiani na hakuinuka tena. Binamu alirudi na ndama kwenye bodaboda, amefungwa ndani ya gunia, kichwa tu kinaonekana. Mama alimpokea bila kuniangalia, akaanza kumnyonyesha kwa chupa, maziwa ya mbuzi wa jirani.

Mvua haikuwa imefika bado wale watu waliporudi, safari hii bila mashine. Walikuja na pikapu imejaa nyasi nzuri, zenye rangi bado, zilizotoka mashamba ya mbali. Walipitia dukani wakaniomba niwapeleke. Nilipanda mbele na dereva, na nilifurahi, sitaficha. Nilifikiri nitaingia kwa mama nikijifichia nyuma ya marobota hayo.

Tawi lilikuwa mahali pake. Pikapu ikasimama, tukashuka. Yule kiongozi hakuligusa. Alisimama upande wa nje akaita hodi, na mama akatoka, akawasalimia vizuri, akauliza habari za safari na za watoto. Akalisogeza tawi mwenyewe. Pikapu ikaingia, wao wakafuata kwa miguu, na mimi nikafuata nyuma yao kama mtu wa nyumbani.

Mama akalirudisha tawi kabla sijapita.

"Hao waliuliza," akasema.

Nikasimama nje. Nikasema hodi, kwa sauti niliyotumia nikiwa mdogo, na yeye alikuwa ameshageuka akiwaonyesha wageni pa kushushia nyasi. Ndama alikuwa analia upande wa nyumba. Nilirudia hodi mara nyingine, nikangoja, mpaka pikapu ikawa tupu na ikaja kunichukua pale pale nje.