Mzungu wa supercharger aliyedai nimeua injini yake, Tabora enzi za Mwingereza

Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka themanini na ushee, kwa hiyo wengi wenu mnanidai marahaba. Pokeeni. Katika umri huu sina cha kupata kwa kuwadanganya.

Enzi za Mwingereza nilikuwa fundi kwenye gereji ya Mhindi mmoja, Bwana Hasham, pale Mtendeni.

Mzungu mmoja mwenye shamba la tumbaku alikuwa na gari la kawaida tu la barabarani, ila kalifungia supercharger, ile pampu inayoshindilia hewa kwenye injini. Jumapili anashindana na wenzake barabara ya kwenda Puge. Mbio fupi, mguu chini mpaka mwisho.

Siku moja akataka presha iongezwe. Nikamwambia pistoni zake ni za kawaida, zitabeba mbio moja, halafu injini ipoe kwanza. Akasema niiongeze, nisimfundishe.

Nikaiongeza.

Jumapili akakimbia mara tatu mfululizo. Ya tatu ukasikika mlio mmoja, moshi, kwisha habari.

Jumatatu gari likaja linavutwa. Akadai sikuweka oili. Bwana Hasham, ambaye alimtegemea sana kwa kazi, akanivuta pembeni akanisihi niombe radhi yaishe.

Nikagoma. Wakuu, miaka ile kumgomea Mzungu mbele za watu haikuwa mchezo.

Nikasema, "Nitaomba radhi nikiliona kosa langu. Tuifungue hapa hapa, na yeye asimame aangalie."

Tukafungua. Oili ipo, beringi safi; oili ingekosekana, hizo ndizo zingeungua kwanza. Pistoni ya pili ina tundu katikati, kingo zimeyeyuka kama mshumaa kwa joto la ile presha.

Akaangalia, akavaa kofia, akaondoka. Bwana Hasham akanifukuza jioni ile ile.

Nikabeba spana zangu, nikaanzisha kibanda changu Cheyo.

Baada ya miezi kadhaa yule Mzungu akaja na pistoni mpya kwenye boksi. Akasema anataka injini ifungwe na mimi, si mwingine.

"Subiri," nikamwambia. "Kuna baiskeli mbili mbele yako."

Akakaa kwenye benchi. Akasubiri.

Nilichojifunza: supercharger inaongeza nguvu, haiongezi uimara wa chuma. Na kama kazi yako unaijua, usibebe kosa la mtu mwingine, hata akiwa nani.

Vijana mnaoongeza boost, yaani hiyo presha, kwenye magari ya kwenda kazini, leteni ubishi hapa chini. Nipo, na miwani ninayo.