Kitana na Magunia Mazito

Mama yangu mdogo alimfukuzisha kazi mtu aliyefanya naye kazi miaka kumi na mmoja, na alitupa habari hiyo huku anakata vitunguu.

"Kimya ameondoka leo," alisema bila kuinua macho. "Shaba imekuwa ikipungua wiki hadi wiki. Bosi akaniuliza mbele ya watu wote, nani? Nikamwambia, mikono inayogusa shaba pale ni minne. Miwili ni yangu, naijua."

Mama alikuwa anakunja shuka. Alibaki ameishika nusu. Mimi nilikuwa na kipande cha mkate mdomoni na sikukumbuka kukimeza. Kimya, mfunga na mbeba magunia wa karakana yao, tulimfahamu. Tulipohamia nyumba hii alibeba kabati letu mgongoni kutoka barabarani hadi chumbani, akakataa hata maji ya kunywa, akaenda zake. Sidhani kama nimewahi kumsikia akisema maneno ishirini kwa mpigo.

"Yeye alisema nini?" mama akauliza.

"Si unamjua? Alisema tupime magunia ya plastiki pia. Watu wakaangua kicheko. Akachukua shati lake msumarini akaondoka."

"Hayo tu?"

"Kama hana hatia si angejitetea, dada?"

Kisu kiliendelea. Vitunguu vilikuwa vinakatwa vinene, na yeye siku zote hukata vyembamba hadi vinapitisha mwanga.

Mama mdogo alifika kwenye karakana ile miaka kumi na minane iliyopita, mjane mwenye ufagio. Kazi ya pale ni nyaya chakavu. Zinasagwa pamoja na maganda yake hadi zinakuwa chenga ndogo kama mchele, shaba na plastiki zimechanganyika, kisha chenga hizo zinamwagwa kwenye rola ya chuma inayozunguka. Juu ya rola umetandazwa waya mwembamba wenye umeme mkali, na kila chenga inayopita chini yake inapata sehemu yake ya umeme. Shaba inauachia umeme huo papo hapo na kurushwa mbele. Plastiki haiachii. Inang'ang'ania rola, inazungushwa nayo hadi nyuma, na huko brashi inaikwangua. Katikati kuna kibao cha kugawa: huku sanduku la shaba, kule gunia la plastiki. Fundi aliyeifunga mashine alipoondoka, mfagiaji peke yake ndiye aliyekuwa amemtazama vya kutosha, na mashine ikawa yake.

"Shaba ina moyo mwepesi, mwanangu," aliniambia nilipokuwa mdogo. "Plastiki ina kinyongo. Kazi yangu ni kuwaachanisha." Nilisoma fizikia chuoni miaka mitatu na sikukutana na maelezo yaliyonikaa vizuri kuliko hayo.

Kazi hiyo ilimwingia mwilini. Kabla ya kumsalimia mtu aligusa kwanza nguzo ya chuma, la sivyo mkono wake ungekung'ata. Na kila asubuhi kabla ya kuwasha alitoa kitana cha plastiki mkobani, akakisugua kwenye kilemba chake, akakishusha juu ya konzi ya chenga. Plastiki ikikirukia kitana, hewa ni kavu, kazi ianze. Isiporuka, alikaa juu ya gunia kusubiri jua, hata bosi anune vipi. Ndiyo maana karakana nzima ilimwita Mama Kitana.

Miezi minne kabla ya jioni ile ya vitunguu, mashine ilihamishwa kutoka kwenye banda la wazi kwenda chumba cha matofali chenye mlango na bati zima, mvua isiisumbue tena. Mama mdogo alifurahi kama aliyejengewa nyumba. Chokaa ya ukutani aliipaka mwenyewe.

Wiki tatu baada ya Kimya kuondoka, alisahau miwani yake mezani. Bila miwani haoni skrubu, kwa hiyo nikaichukua nikamfuata. Getini mpika chai alinipima kwa macho.

"Wewe si mtoto wa Mama Kitana? Mwambie shaba bado inapungua. Labda Kimya siku hizi anaiba kwa simu."

Nikapita kuelekea chumba cha mashine.

Mama mdogo nilimkuta ameinama chumbani na ndoo, ananyunyiza maji sakafuni kwa kikombe, kona hadi kona, kama anavyofanya nyumbani kabla ya kufagia. Saruji ilikuwa nyeusi kwa unyevu. Ukuta ulitoa jasho.

"Vumbi la humu halina pa kutokea," alisema, akapokea miwani. "Lazima ulilaze kwanza."

Akafagia, akafunga mlango, akawasha. Shaba ikaanza kuangukia sandukuni na vipande vya plastiki ndani yake. Akasonya, akalegeza skrubu mbili, akakisogeza kibao mbele kidogo, na tena kidogo, mpaka kilichoanguka kikawa shaba tupu.

"Ona. Safi kabisa."

"Zamani kibao kilikaa wapi?"

Alinionyesha alama ya rangi, karibu shubiri moja nyuma. "Hapa. Tangu tuhamie nimekuwa nakisogeza."

Mimi si mtu wa kumsahihisha mkubwa. Hata kuomba chumvi mezani hunitaabisha. Nikauliza kitu kingine.

"Mama mdogo, siku hizi hutumii kitana?"

"Cha nini? Mvua haiingii humu." Lakini alikitoa, kama mtu anayemridhisha mtoto. Akakisugua kilembani, akakishusha juu ya chenga.

Hakuna kilichoruka.

Akasugua tena, kwa nguvu, mpaka kilemba kikamwendea upande. Chenga zililala tu. Akachota konzi moja, akatoka nje, akazitandaza juu ya kipande cha bati juani. Tukasubiri jua lizikaushe. Aliposhusha kitana safari hii, plastiki iliruka yote kwa pamoja ikajaa kwenye meno yake kama siafu, na kwenye bati zikabaki punje za shaba peke yake.

Alikitazama kitana. Akautazama mlango, kisha ndoo. Niliona uso wake ukibadilika rangi, na nikatamani ningekuwa nimempa mtu mwingine ailete ile miwani.

"Maji," alisema. "Plastiki ikipata unyevu haina kinyongo tena. Inaruka pamoja na shaba."

"Na wewe unasogeza kibao."

"Na mimi nasogeza kibao." Akakishusha kitana. "Sasa shaba inakwenda wapi?"

Nyuma ya ukuta magunia ya plastiki yalikuwa yamepangwa hadi usawa wa bati. Aliazima ungo kwa mpika chai, akafungua gunia la chini kabisa, lililofungwa kwa fundo la Kimya, akaanza kupepeta. Maganda yaliruka na upepo. Kwenye ungo ikabaki shaba, kiganja kizima. Gunia la pili, vilevile. La tatu hakulimaliza. Aliketi chini kwenye udongo, na nguo yake ya kazi iliyopigwa pasi, ungo mapajani.

"Kimya aliniambia," alisema. "Mara mbili. Dada, magunia ya plastiki yamekuwa mazito. Nikamwambia, kaka, ni mabega yako yamezeeka. Tukacheka." Akaukumbatia ungo. "Nilicheka mimi."

Nilijaribu kumpokea ungo. Vidole vyake havikufunguka.

Bosi alikuja, akapima gunia moja, akashika kichwa, kisha akaonekana kama mtu aliyeponea chupuchupu. Shaba yake ilikuwepo. "Mpigie simu arudi Jumatatu," alisema. "Mambo haya hutokea."

"Haya siyasemi kwa simu," alijibu mama mdogo.

Tulikwenda nyumbani kwake mchana uleule. Kimya alikuwa uani anagongelea mguu wa kigoda. Mkewe alitoka na kiti cha mgeni, akatambua ni nani, akakirudisha ndani. Mama mdogo alieleza akiwa amesimama: maji, kibao, magunia, na kwamba bosi anamsubiri Jumatatu. Hakuruka kitu. Kimya aliweka nyundo chini akasikiliza mpaka mwisho.

"Wiki tatu mwanangu anaitwa mtoto wa shaba shuleni," mkewe alisema kutoka mlangoni.

"Najua," alisema mama mdogo. Halafu akatikisa kichwa. "Hapana, sikujua. Ndiyo nasikia sasa."

Kimya akauliza, "Ile ya mikono, uliisemea wapi?"

"Uwanjani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya wote."

"Haya basi," alisema, akachukua nyundo yake.

Mama mdogo hakuondoka mara moja. "Una kinyongo, kaka."

"Ninacho. Nimekibeba mwenyewe, na si chepesi."

Njiani alitembea mbele yangu bila kugeuka. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni, akasimama tu, hakuwasha hata jiko. Mama alipomuuliza kulikoni, nilisimulia mimi. Mama aliketi kabla sijafika nusu.

Jumatatu bosi alitaka mambo yaishie ofisini, mlango umefungwa. Mama mdogo alikataa. Aliwasubiri watu wakusanyike, akapanda juu ya bamba la mizani, palepale aliposimama siku ile. Nilikuwa nimeombwa nishike ungo.

"Nilisema hapa kwamba mikono inayogusa shaba ni minne, na kwamba miwili naijua." Akainua mikono yake. Ilikuwa na vumbi la shaba kwenye kucha. "Sikuijua. Ndiyo hii iliyomwaga maji, ndiyo hii iliyosogeza kibao. Shaba yote iko kwenye magunia ya plastiki. Kimya aliwaambia, mkamcheka, na mimi nikiwemo. Hakuiba hata punje."

Mpika chai alisimama na birika lake limeinama, chai inamwagika chini, hajui. Hakuna aliyecheka. Wapakiaji wawili walitazama viatu vyao. Kimya alikuwa getini, shati begani, hajaingia wala hajatoka.

Mama mdogo hakumwita. Aliingia chumbani. Sakafu ilikuwa kavu, mlango wazi tangu alfajiri, na ndoo haikuwepo. Alirudisha kibao kwenye alama ya rangi, akasugua kitana, plastiki ikaruka, akawasha. Gunia la kwanza lilijaa polepole kuliko nilivyodhani. Alilifunga mwenyewe, fundo baya, akarudi nyuma hatua mbili.

Kimya alikuja akalifungua fundo, akalifunga upya kwa namna yake. Akalipandisha begani. Alisimama nalo, macho chini, muda mrefu kuliko gunia lolote linavyohitaji, na sisi sote tulisimama tukimtazama bega.

"Hili jepesi," alisema.

Akatoka nalo, na alipopita kwenye msumari akalitundika shati lake.