Nilimnyamazisha Mkwe Wangu Mbele ya Mwanawe

Kosa ni langu, na sitamruhusu mtu mwingine alibebe. Hapa kambini Nakivale wamezuka mawakili nisiowaajiri: huyu anasema vita ndivyo vilivyomharibu mjukuu wangu akachelewa kusema, yule anasema amerogwa. Uongo! Ni mimi.

Nilitumikia ofisi ya serikali kule Kivu Kusini, Kongo, hadi nikastaafu. Kifaransa ndicho kilichonilisha na kunipa kiti. Tulipokimbilia Uganda, mwanangu alipata kazi ya kupokea maziwa ya wafugaji mjini Bwizibwera, akaniachia mkewe mjamzito. Mjukuu alipozaliwa niliapa kwamba lugha atakayoisikia kwanza ni Kifaransa safi, kisichochanganywa na kitu.

Mkwe wangu hakijui. Anajua Kifuliru na Kiswahili cha sokoni. Basi nikamwagiza asimsemeshe mtoto, asije akamharibu ulimi. Amnyonyeshe, amwogeshe, anyamaze. Nani angebisha? Kwetu mke wa mwana hamwinulii baba mkwe hata macho.

Akina mama majirani walikuwa na kikundi, wakikutana pamoja na watoto wao, wakiwaimbia na kuwachezesha. Walipokuja kumwita mkwe wangu, niliwajibu mlangoni kwamba katika nyumba yangu mtoto halelewi kwa kelele.

Na mimi, bwana wa Kifaransa, nilimsemesha lini? Asubuhi salamu, jioni salamu. Mchana kutwa nilikuwa barazani nikijadili siasa!

Watoto wa rika lake wakawa wanaitana kwa majina. Wetu alituvuta nguo na kulia tu. Nikaamua kwamba ni kiziwi, tukampeleka Mbarara, hospitali moja ya upande wa Ruharo. Daktari alimpima, kisha akauliza kwa Kiswahili cha huku: "Masikio iko sawa. Nyumbani nani naongea na yeye?"

Mkwe wangu alitazama sakafu.

"Papa alinikatazaka," akasema kwa Kiswahili cha kwetu; Papa ni mimi. "Nilikuwa namuimbiaka mu roho tu, asisikie."

Ndugu msomaji, nimesimama mbele ya wakubwa wengi bila kutetemeka. Siku hiyo mimi ndiye niliyeshindwa kumwinulia mkwe wangu macho.

Amri nimeifuta. Mama anaimba, anamtajia mwanawe sufuria, kuku, mvua, na Kifuliru kimejaa nyumba nzima. Kwenye kile kikundi cha akina mama nimewapeleka mwenyewe wote wawili, nikawaomba wale mama radhi mlangoni kwao. Mimi nalala mkekani nikilia kama ng'ombe ili mtoto acheke. Wastaafu wenzangu hupita wakinikejeli kwa cheo changu cha ofisini: "Shefu, meno utaota siku gani?" Nawajibu kwamba nitaota, na wa kwanza kuumwa ni wao.

Wacheke. Heshima yangu ya zamani ndiyo iliyomnyima mtoto sauti ya mama yake. Siitaki tena, na sioni haya kusema hivyo.

Na wewe, baba mkwe unayejivunia nyumba tulivu, usingoje nikubembeleze. Itengue amri yako leo, wakati mtoto bado anakukimbilia. Wangu ameanza kumwita mama yake, kwa Kifuliru. Mimi nikiinama kumsemesha, mtoto hufumba midomo. Na bado nainama.