Kijiji Nilichokihesabu Msimu wa Tende

Siku ya mwanzo kuingia kazini, Nizwa, huko Omani, karani wa mlangoni aliniuliza kama najua kupiga taipu. Nikamwambia najua, lakini sikuja kwa hilo. Akaniuliza kama basi nimekuja kupika kahawa. Mie sina subira na watu wa namna hiyo, na ujanani ndiyo sikuwa nayo kabisa, basi nikampita nikaingia ndani.

Ilikuwa miaka ya sabini, nchi ndiyo kwanza inafunguka. Ofisi ya mipango ilikuwa nyumba ya udongo ya kukodi, vyumba vitatu na feni moja. Mkurugenzi alikuwa mtu wa ukoo wa hapo hapo Nizwa, lakini kalelewa Bujumbura, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara. Nilipompa shikamoo akaitikia marahaba, kisha akacheka, akasema Waunguja wanafikiri wao ndio walioizaa lugha. Nikamjibu kwamba hatufikiri, tunajua. Toka siku hiyo tukawa tunaelewana, na kugombana pia.

Unguja nilikuwa mwalimu wa jiografia, kwa hiyo ramani hazikunitisha. Akanitandikia moja mezani, imechorwa kutokana na picha za ndege, majabali na mabonde yote yamo.

"Tazama," akaniambia. "Humu hamna mtu hata mmoja. Kazi yako ni kuwatia watu."

Hiyo ndiyo mipango ya vijijini kwa ufupi, na sijapata kuisikia ikielezwa vizuri zaidi, hata na wataalamu waliokuja baadaye na mabuku yao. Serikali ilitaka kupeleka shule, maji, barabara na matibabu, lakini haikujua nani anakaa wapi. Tukaenda kuuliza, mlango kwa mlango, na fomu mkononi. Fomu yetu ilihesabu kaya. Kaya si nyumba. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, na nyumba moja ya Nizwa unaweza kukuta ndani yake vyungu vinne na mama wakwe wawili wasiosemezana. Tukiandika pia mfereji wa kijiji, unaoitwa falaji, ule unaoleta maji kutoka chini ya jabali mpaka mashambani, na nani ana zamu ya maji na nani hana. Mwisho tukichora duara kwenye ramani, tukiliita eneo la huduma. Maana yake ni umbali ambao mgonjwa anaweza kuupita akafika kwa daktari angali hai.

Wanaume wa ofisini walikuwa wakiishia barzani, wanapewa kahawa na hesabu ya mzee wa kijiji, wanarudi. Mie nilikuwa naingia ndani kwa wanawake, na ndani ndiko kulikokuwa na habari. Wakinicheka Kiarabu changu mpaka machozi yakiwatoka, kisha wananieleza kila kitu. Kila pahali niliulizwa mie binti wa nani, wa kabila gani. Nikilitaja kabila langu, ambalo asili yake ni huko huko, wakinitazama upya na kuniita Zinjibariya. Iliniuma, sisemi uongo. Unguja tuliambiwa sisi Waarabu, huku tukaambiwa sisi Wazanzibari, na mie nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa pahali pengine.

Nizwa nilikaa miaka miwili, na katika miaka hiyo nilipanda ngazi zote za Al Hamra, mji wa jirani, na vichochoro vyake navijua mpaka leo. Kisha Mkurugenzi akanipeleka Ibra, upande wa mashariki, kusimamia ofisi ndogo ya huko, chini yake yeye mwenyewe. Nilikuwa mwanamke pekee mwenye meza yangu, na sikumwacha mtu akasahau.

Sasa nitakueleza kosa langu. Linahusu vijiji viwili vya upande wa Ibra, na majina yake nitayaficha, nivipe majina ya mitaa ya kwetu Unguja. Kimoja nitakiita Mtendeni, kwa kuwa kina mitende na falaji ya maji mazuri. Cha pili nitakiita Mchangani, kwa kuwa kiko ukingoni mwa jangwa la mchanga, na baina yake ni karibu nusu siku ya njia mbovu. Bajeti ilikuwa ya kliniki moja tu na mkunga mmoja. Kazi yangu ilikuwa kusema ijengwe wapi.

Nilihesabu katika joto la kiangazi, tende zinaiva. Mtendeni palijaa. Kila shamba lilikuwa na vibanda vya makuti ya mtende, kila kibanda kina moshi, kina watoto, kina mbuzi. Rashidi wa kijiji, ndivyo anavyoitwa mkubwa wao, alinitembeza mwenyewe. Nikamuuliza hawa wa vibandani ni nani, akanijibu, "Wetu." Nikaandika. Nikaingia kila kibanda, nikanywa kahawa, nikala tende mbichi na mbivu mpaka nikaumwa na tumbo. Nilipofika Mchangani nilikuta wazee wachache, mbwa wawili, na vibanda vimefungwa kwa kamba. Nikaandika kwa mkono wangu huu: makazi yanayohamwa, hayahitaji huduma.

Mkurugenzi akaupitisha mpango, Liwali akatia saini. Mpima ardhi akaja kupiga vigingi Mtendeni, na mie nikiwepo, nimevimba kichwa.

Baridi ilipoingia tukaletewa mtaalamu mgeni, Bwana Suryadi, mtu wa Java, Indonesia, mfupi, mpole, mwenye koti moja tu alilolivaa kutwa. Kwao alikuwa amepanga vijiji kwa miaka mingi. Nilimwonyesha faili langu la Mtendeni kwa fahari. Akalisoma lote, kisha akaniomba nimpeleke Mchangani. Nikamwambia Mchangani hakuna kitu. Akasema ndiyo maana anataka kupaona, kwani kazi yake kila nchi anaanzia pale ambapo ofisi imesema hakuna kitu. Nikaona huyu anatupotezea petroli, lakini mgeni ni mgeni, nikampeleka.

Tukafika asubuhi. Vibanda vilikuwa wazi, moshi juu, watoto wanakimbizana na mbuzi, ngamia wanakamuliwa. Nilidhani dereva kapotea njia. Basi akatoka mwanamke mmoja kibandani, barakoa usoni, akanitazama, akaniita kwa jina langu. Nilimjua kwa sauti. Alikuwa Umm Salim, ambaye nilikaa mkekani kwake Mtendeni nikaandika watu wake wote.

"Si wewe uliyekunywa kahawa yangu kule kwenye mitende?" akaniambia. "Uliniuliza tuko wangapi, nikakujibu. Mbona hukuniuliza nakaa wapi?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Watu wa Mchangani kila kiangazi hupanda Mtendeni kuvuna tende na kujificha na joto, wanapewa pahali pa kupiga kibanda na fungu lao la tende, na tende zikishafungwa wanarudi kwao. Hivyo ndivyo walivyoishi toka enzi za mababu. Nilikuwa nimewahesabu wageni wote nikawafanya wenyeji, na kwao nikakuandika kuwa kunakufa.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mie nimezaliwa Unguja. Kila msimu wa karafuu nimeona jirani zetu wanafunga milango wanakwenda kuchuma, wanakaa kambini mpaka karafuu zianikwe, kisha wanarudi mtaani. Angetokea mtu akahesabu kambi ya karafuu akataka kujenga hospitali pale, tungemcheka mpaka leo. Na mie ndiye niliyefanya hayo, nikiwa na fomu na cheo.

Bwana Suryadi hakunicheka. Aliniambia kwao watu huenda kuvuna mpunga wa wenzao mbali, na yeye mwenyewe aliwahi kujenga shule katikati ya wavunaji. Tangu hapo kila kijiji anauliza, kazi ikiisha mnapumzika wapi. Kisha akaenda kutazama ngamia, akaniacha na Umm Salim.

Tukakaa mkekani. Mwaka uliopita, akanieleza, mke wa mwanawe alishikwa na uchungu, wakampakia kwenye gari kumpeleka Ibra. Gari likazama mchangani. Mtoto alizaliwa pale njiani akaishi, mama yake hakufika. Sasa bintiye Zahra ana mimba ya miezi mitano, mimba ya mwanzo. Hakuniomba kitu. Alinikaribisha kahawa tena, nami nikainywa.

Kesho yake nikaenda Nizwa. Nikamkuta Mkurugenzi anakula, nikangoja amalize, kisha nikamwambia yote.

"Mpango umetiwa saini na Liwali," akasema.

"Najua."

"Vigingi vimepigwa."

"Najua, nilikuwepo."

"Na nikiubadilisha, nikiulizwa kosa la nani, niandike nini?"

"Langu. Andika jina langu lote, na la baba yangu."

Akavua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema Waunguja tutamfukuzisha kazi. Kisha akanieleza jambo ambalo shule hawalifundishi. Serikali ikiahidi kliniki Mtendeni halafu ikaichukua, Mtendeni hawatasahau, na vijiji vyote vya jirani vitasema wale watu wa fomu wanatoa na kunyang'anya. Hatutafunguliwa mlango tena.

"Kwa hiyo nenda kwa rashidi," akasema. "Akikupa mwenyewe, mbele ya watu wake, nitabadilisha. Akikataa itajengwa pale pale, na wewe utarudi kufundisha jiografia."

Nikashika njia ya Mtendeni. Nilikuwa namfikiria Zahra, ambaye hata uso wake sijauona, na gari lililozama. Cheo changu nacho nilikuwa nakifikiria, sitajitia utakatifu.

Rashidi wa Mtendeni alinipokea barzani, wanaume wamejipanga ukutani, nami nikapewa pahali karibu na mlango. Kahawa ikazunguka. Nilikuwa nimetunga maneno mazuri ya Kiarabu, yote yakanikimbia. Nikawaambia kwa Kiarabu changu kilichovunjika kwamba nimekosea hesabu. Nilihesabu kiangazi, nikawatia watu wa Mchangani humu, na kwao nikaandika hakuna watu. Nikawaeleza habari ya mke wa mtoto wa Umm Salim, ingawa wakiijua kuliko mie. Nikasema kliniki ni ya Mtendeni kwa karatasi, na karatasi nimeiandika mie.

Minong'ono ikapita ukutani. Mmoja akasema serikali ikishatoa imetoa. Mwengine akasema kama nimekosea, kosa si lao. Rashidi akaacha kahawa izunguke tena. Kisha akanigeukia.

"Uliniuliza wale ni nani, nikakujibu wetu," akasema. "Mtu akishaingia kwenye mitende yangu, simwiti mgeni mbele ya serikali. Ni aibu."

"Nafahamu, sheikh. Sikulaumu."

"Sasa unaniambia nimekula fungu la watu niliowakaribisha."

"Sikusema hivyo."

"Mimi nasema."

Akawageukia watu wake, akaamuru vigingi ving'olewe siku ile ile. Hakuna aliyembishia. Akataka jambo moja tu: kiangazi, watu wakipanda, mkunga naye apande, akae Mtendeni mpaka tende ziishe. Nilimtazama yule mzee, asiyejua kusoma, nikaona kanipa kwa sentensi moja mpango bora kuliko ule niliouandika kwa miezi. Kliniki inayowafuata watu, badala ya watu kuifuata. Nilitoka pale nikalia ndani ya gari, na dereva akajifanya anakagua magurudumu.

Mchangani tukaanza na hema, jengo likifuata. Zahra alijifungua hemani mtoto wa kike, mkunga pembeni yake, kabla ya joto kurudi. Umm Salim aliniletea habari mwenyewe mpaka Ibra, na kopo la samli.

Mkurugenzi naye aliandika ripoti. Aliandika jina langu lote, na la baba yangu, kama nilivyomwambia. Sikuadhibiwa, lakini ripoti ile ilinifuata kila nilikohamishwa. Nilipopelekwa Sur kuwa mkuu wa mipango, msaidizi wangu wa kwanza alikuwa ameshaisoma. Vizuri, nikamwambia, basi kazi ya kukufundisha imepungua. Fomu yetu ya kaya ikaongezwa swali, na swali hilo nimeligombania vikao vitatu na mabwana wakubwa wawili: kiangazi mnakaa wapi, na baridi mnakaa wapi. Kule pwani ya Sur, ambako wavuvi nao huhama kwa misimu, lilituokoa zaidi ya mara moja.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ya themanini, nikarudi Nizwa kwa wanangu. Nyinyi mnaoifanya kazi hii sasa mna mashine, na mwendo wenu ni wa haraka. Sioni ubaya. Kazi niliyoifanya naipenda, na ningeambiwa niianze tena kesho, ningemwomba mtu anisogezee viatu tu. Ila nendeni kila kijiji mara mbili, na mara ya pili nendeni katika msimu mwengine.

Kiangazi cha kwanza baada ya kustaafu, Umm Salim alinipelekea salamu nipande Mtendeni nikale tende. Nikaenda. Nikapewa kibanda jirani na chake, na jioni yule mtoto wa Zahra, msichana mkubwa sasa, alikuwa akinisomea vitabu vyake vya shule. Siku ya tatu akaja binti mmoja wa ofisi ya mipango na fomu, simjui, hanijui. Rashidi alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo, lakini alimtembeza mwenyewe kibanda kwa kibanda. Wakafika kwangu. Binti akanisikia nasema, akakijua Kiarabu changu ni cha wapi, akamuuliza rashidi huyu naye ni nani.

"Wetu," akasema rashidi.

Nilimwambia yule binti aniandike Nizwa, ndiko ninakokaa. Lakini kwanza nilimwacha mzee amalize kusema.