Kamba ya Gome

Ilikuwa mwaka 2021. Hapana, nimekosea: ni 2022, maana makarani wa sensa walikuwa wameshapita Itigi, na Zefania alihesabiwa akiwa na miguu yake yote miwili.

Zefania alikuwa mtu wa asali. Mizinga yake ya magogo aliifunga kwa kamba ya gome la mti, na kamba hiyo haifungwi kavu, unailoweka kwanza. Ikikauka hujikaza yenyewe, na mzinga haufumuki miaka na miaka.

Siku hiyo aliteleza mtini, tawi lililovunjika likamchana nyuma ya goti. Damu ilitoka vibaya. Alikuwa peke yake kichakani, akafanya alilolijua: alitoa kamba kwenye ndoo ya maji, akaufunga mguu kama anavyofunga mzinga. Damu ikakatika. Akajikongoja kuelekea relini toka asubuhi mpaka alasiri, na njia nzima kamba ilikuwa inakauka.

Singida mjini daktari alimwambia kamba imemwokoa, na kamba hiyohiyo imeusaga mshipa mkubwa wa damu. Vidole vimeshakufa. Akatwe chini ya goti, mapema, goti libaki.

"Ngoja kwanza nimuulize mpwa wangu," Zefania alisema.

Witness, mtoto wa dada yake, alikuwa anasomea utafiti wa tiba Dar es Salaam. Wakapigiana simu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mama. Hivi hakuna dawa ya mshipa?"

Witness akamweleza kuwa zipo seli changa, zile ambazo mwili huanza kujengwa nazo. Wataalamu huzikuza, nazo hutoa vifuko vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinaitwa eksosomu. Vikifika penye mshipa ulioumia, huuchochea ujijenge upya. Hawaweki seli zenyewe, ni vile vifuko tu.

"Nimeelewa," Zefania akasema. "Mnachukua asali, nyuki mnawaacha."

Witness alicheka. "Ndivyo, Mjomba. Panya tumeona wanapata nafuu. Lakini kwa watu bado ni majaribio, huwezi kuipata. Usisubiri. Na vidole vilivyokufa havirudi."

Zefania alisikia ya panya tu. Kungoja alikuzoea, mzinga unautundika leo, unakuja kurina mwakani. Kila daktari alipoleta karatasi ya kusaini, alisema wiki ijayo.

"Baba Calist," mkewe Kristina alimwambia akimgeuza kitandani, "panya wa Dar wanatembea, wewe unanuka."

Zefania akavuta shuka akaufunika mguu.

Wiki ya tatu weusi ulifika gotini. Wakakata juu, pajani.

Siku hizi anakaa karibu na stesheni, anasokota kamba za gome kwa ajili ya wenzake. Mizinga yake anairina jirani yake, Mughwai, ambaye kila msimu humletea asali, na kila msimu Zefania humuuliza nyuki wa ule mti wa bondeni wakoje.

Krismasi Witness alikuja kumsalimia. Alikaa chini kwenye mkeka, machozi yamemlengalenga.

"Nisamehe, Mjomba. Ningekwambia tu kwamba haipo, basi."

"Uliniambia, mama. Mimi ndiye niliyesikia nusu."

Akasokota kamba kidogo, kisha akasimamisha mikono. Kulikuwa na jambo alilokuwa ameshamuuliza daktari, akamuuliza na muuguzi, wote wakatabasamu wakapita. Sasa akamuuliza na mpwa wake. Witness akainamisha kichwa, Kristina akakusanya vikombe akaingia ndani.

"Hao panya, mama, wakishapona miguu, huwa mnawaachia waende?"