Juri Iliyokuja na Kamio ya Samaki

Raisa alikuwa mwalimu wa darasa la tatu mjini Rumonge, mke wa Karimu fundi wa mashine za boti, na mwanafunzi wa chuo kikuu aliyechoka kuulizwa atamaliza lini. Masomo alikuwa ameyamaliza zamani. Hata memuari yake, tasnifu ya kumalizia chuo, ilikuwa tayari. Aliandika juu ya watoto wanaoongea Kiswahili nyumbani, kisha wakifika darasani wanakutana na Kirundi na Kifaransa. Kilichobaki ni kuitetea mbele ya juri, jopo la walimu watatu, na juri ndiyo haikutimia.

Tatizo lilikuwa esanse. Walimu wengi wa chuo kile cha Rumonge waliishi Bujumbura, na tangu mafuta yaadimike, kila tarehe iliyopangwa iliahirishwa. Safari hii mambo yalikuwa mabaya zaidi. Chuo kilikuwa kinahamia mfumo mpya wa masomo, na yeyote ambaye hangetetea kufikia Ijumaa angerudishwa darasani kuanza karibu upya.

Alhamisi asubuhi simu ililia. Alikuwa Profesa Bahizire, msimamizi wake.

"Madamu Raisa, unisamehe. Nimelala kwenye foleni ya esanse, sikupata kitu. Mabasi nayo hayatembei. Kesho sitafika."

Raisa, mtoto Jamali akiwa mgongoni, alijikuta amekaa chini sakafuni. Karimu alimtazama, kisha akauliza, "Mama Jamali, shangazi Mwasiti iko wapi leo?"

"Iko Bujumbura, amepeleka mikeke."

"Na kamio yake inarudi lini?"

"Kesho asubuhi," alijibu Raisa, na hapo hapo akashika simu.

Shangazi Mwasiti alikuwa akinunua mikeke, samaki wa ziwani, ufukweni Magara na kuwauza Bujumbura kwa lori lake, hiyo kamio. Mazutu, yaani dizeli, ya kamio yake alijua mwenyewe anakoipata. Aliposikia ombi, alicheka kwanza.

"Profesa muzima nimupakie na makasha ya samaki? Watu watanisema!"

"Shangazi, umuweke mbele na dereva."

"Mbele nakaa mimi." Kisha akalegeza sauti. "Haya, mwanangu. Kwa sababu yako nitapanda nyuma."

Ijumaa Raisa alifika chuoni mapema. Walimu wengine wawili wa juri walikuwa wameshakaa, akiwemo mwenyekiti, Madamu Beatrisi, mwanamke asiyetabasamu ovyo. Asubuhi ikasogea. Beatrisi alifunga kalamu yake na kusema, "Ikifika adhuhuri hajaja, mimi siwezi kufanya lolote."

Jua lilikuwa karibu kufika utosini kamio iliposimama mlangoni. Mbele, pembeni ya dereva, alikuwa shangazi Mwasiti, amejiegemeza kama bibi harusi. Profesa ndiye aliyeshuka nyuma, magamba yamemganda kwenye suruali.

"Mama huyu alitaka kunipa kiti chake," alisema akijipangusa. "Nitamkubalia vipi, mtu mzima? Nanuka, lakini nimefika."

Kikao kikaanza. Raisa alieleza kazi yake kwa Kifaransa bila kukwama, mpaka Beatrisi alipouliza, "Unataka mwalimu atumie Kiswahili. Na mtoto aliyeshuka kutoka mlimani, asiyejua Kiswahili, yeye umemweka wapi?"

Kifaransa chote kikamtoka kichwani. Profesa hakuwa na ruhusa ya kumsaidia. Raisa akamkumbuka Niyonkuru, mwanafunzi wake, anavyokodoa macho wenzake wakicheka mzaha wa Kiswahili.

"Ninaye mmoja darasani," alijibu polepole. "Sikumwandika vya kutosha. Kiswahili peke yake kitamfungia mlango vile vile. Leo ningeandika kwamba mwalimu aanze na lugha aliyokuja nayo kila mtoto, na mwalimu mwenyewe afundishwe namna ya kufanya hivyo."

Beatrisi aliandika kitu.

Walimtoa nje. Karimu alikuwa kivulini na Jamali analia njaa, kwa hiyo Raisa alikuwa ananyonyesha walipomwita tena. Aliingia na mtoto wake hivyo hivyo.

"Umepita," alisema Beatrisi, "na umepita vizuri. Ongeza ukurasa juu ya yule mtoto wa mlimani."

"Murakoze," Raisa alishukuru kwa Kirundi, akarudia, "murakoze," na Profesa akamvutia kiti.

Na kwa kuwa kamio haikuwa na safari ya kurudi Bujumbura siku ile, juri ilibaki. Raisa aliwapigia simu, mmoja baada ya mwingine, wanafunzi wenzake waliokwama kama yeye. "Dusabe, iko wapi memuari yako? Vaa, ukuje mbio, wako hapa!" Wenzake wanne walitetea kabla jua halijazama. Yeye hakuwasikiliza. Alikuwa amelala kwenye benchi la nje, viatu kavua, na Karimu alimkataza mtu yeyote kumwamsha.